Kozi Iliyo Usawa wa Macho

Ukuta ulikuwa mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia msanifu wasiwasi.

Aliuzunguka kwanza akiwa amefunga mikono kifuani. Akauzunguka tena, safari hii ameshika timazi, akaacha ule uzi uning'inie na kipande chake cha chuma, akafumba jicho moja. Ulikuwa umenyooka. Akaweka pimamaji juu. Kipovu kikatulia katikati kama mtoto aliyeshiba. Akapitisha kidole kwenye viungo vya saruji vya chini, kati ya tofali na tofali, na kidole hakikukwama popote.

Ukuta wenyewe haukuwa na kazi yoyote duniani. Haukubeba paa, haukutenga vyumba. Ulisimama peke yake katikati ya saiti kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Ulikuwa ukuta wa mfano. Kabla ya kuta zenyewe za jengo kuanza, mkandarasi hujenga kipande kimoja, msanifu wa serikali akaja kukikagua. Akikikubali, kuta zote zitakazofuata zitapimwa kwa hicho. Akikikataa, kinabomolewa na kinaanzwa upya.

Huyu alikuwa amekikataa mara tatu.

Ndiyo maana mafundi walimwita Milimita. Asubuhi jina hilo lilikuwa la kejeli, jioni likawa la heshima, kutegemea amebomoa nini mchana.

"Milimita, jana ulilala vizuri?" nyapara alimuuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la furaha, aliyekaa juu ya mfuko wa saruji kama aliyekalia kiti cha enzi.

"Nililala. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Usingizi wako mbaya unatugharimu tofali."

Mafundi waliokuwa wakikunja nondo wakacheka chinichini. Msanifu hakucheka, ila midomo ilimsaliti kidogo. Ofisini nako mambo yalikuwa hayo hayo. Kila akichukua kofia yake ngumu, wenzake walimuuliza kama huo ukuta anaufundisha kutembea. Alikuwa anawajibu kwamba jengo lile ni la wazazi na halitaki mzaha. Hilo lilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na mwenyewe alijua.

Kweli yenyewe ni kwamba wodi hii ya wazazi ilikuwa mtoto wake wa kwanza. Tangu aajiriwe katika idara ya majengo ya serikali alikuwa amepewa vibanda vya walinzi, vyoo vya shule, na uzio wa makaburi. Hii aliichora kuanzia karatasi tupu. Kila dirisha alilipanga akiwaza jua litaingia saa ngapi kwenye uso wa mama aliyetoka kujifungua. Aliyemfundisha kuwaza hivyo alikuwa mama yake mzazi, mkunga mkuu wa hospitali hiyo hiyo, aliyekuwa akizalisha watu ng'ambo ya ua, kwenye jengo kongwe lenye paa linalovuja.

Na kweli nyingine, ile aliyoificha hata kwenye kioo chake, ilikuwa na mabega mapana na sauti ya taratibu, na ilikuwa mwajiriwa wa mkandarasi.

"Injinia wenu yuko wapi?" aliuliza, akijitahidi swali litoke kama la kazi.

"Yupo," nyapara alisema, na jicho lake likakimbilia ukutani. "Ataonekana. Huyo siku hizi haendi mbali ukija."

Msanifu akasogea kuukagua ukuta mara ya mwisho. Alianza juu, akashuka. Kozi baada ya kozi, yaani mstari baada ya mstari wa tofali, hakuna aibu. Moyo wake ukaanza kufanya jambo la ajabu: badala ya kufurahi, ukazama. Kwa sababu akiupitisha leo, hatakuwa na sababu ya kurudi. Kazi ya kila wiki itakuwa ya msaidizi wake, na yeye atakuja kwenye vikao tu, akae meza moja na watu wengi, aseme maneno makavu.

Ndipo akaliona.

Kwenye kozi moja, kati ya tofali mbili, kiungo kimoja cha wima hakikujazwa saruji. Lilikuwa tundu jembamba, pana kama kidole gumba, lililopenya mpaka upande wa pili. Mwanga ulipita ndani yake. Akasogeza uso. Akachungulia.

Upande wa pili palikuwa na shati la buluu, na kifungo kinachopanda na kushuka taratibu, kama cha mtu anayepumua kwa tahadhari.

"Kuna kitu?" sauti ikauliza.

"Kuna tundu."

"Tundu la namna gani?"

"La namna ya kumwona mtu asiye na haya."

Shati likashuka. Kwenye tundu pakaja jicho. Jicho moja tu, jeusi, lenye kope ndefu ambazo si haki mwanamume kupewa, na pembeni yake mikunjo midogo ya mtu anayezuia kicheko. Walitazamana hivyo, yeye huku, mwingine kule, na ukuta mzima katikati yao. Msanifu akahisi damu ikimpanda shingoni mpaka masikioni. Alisahau alichokuja kufanya. Alisahau hata kuvuta pumzi.

Kisha akakumbuka, kwa sababu kitu kilimgonga kichwani kama tofali lililoanguka.

Alikuwa hajainama.

Alisimama wima, shingo sawa, na tundu lilikuwa mbele ya jicho lake kama miwani. Yule mwingine ndiye aliyelazimika kukunja magoti. Msanifu akarudi nyuma hatua moja na kukumbuka kuta zilizopita. Wa kwanza, kozi moja ilikuwa na saruji nene kuliko nyingine zote. Wa pili, kozi moja viungo vyake vilifuatana wima badala ya kupishana. Wa tatu, tofali moja liligeuzwa, uso wake mbaya ukatazama nje. Kila mara ni kosa moja. Kila mara ni kozi ile ile. Fundi halisi akikosea hukosea chini, mgongo ukiuma, au juu kabisa, mikono ikichoka. Makosa ya ukuta huu yalikuwa hayachoki. Yalikuja kumlaki usoni.

"Toka huko nyuma," alisema. "Njoo hapa mbele yangu."

Mhandisi akatokea ubavuni mwa ukuta, anapangusa magoti. Kofia yake ngumu ameishika mkononi kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

"Nani kaipanga kozi hii?"

"Mafundi ndio waliojenga."

"Nimeuliza kozi hii."

Kwa mbali nyapara akakohoa. "Mimi sisemi kitu," alisema, na papo hapo akasema. "Ila tukifika hapo, injinia hutufukuza. Anatuambia twende tukanywe maji. Siku hizi tunakunywa maji mengi sana, Milimita."

Mhandisi akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameamua.

"Nimeipanga mimi," alisema. "Na hizo tatu za mwanzo, mimi pia. Nakosea makusudi."

"Makusudi."

"Ndiyo. Ukuta ukipita, utamtuma yule msaidizi wako. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Lakini siwezi kukosa usingizi kwa ajili yake."

Msanifu alitaka kucheka na alitaka kumrushia pimamaji, na viwili hivyo vilimjia pamoja, vikagombania mlango. Hasira ndiyo iliyotangulia kupita.

"Unajua mama yangu anazalishia wapi? Ng'ambo hiyo hapo, geuka utazame. Wanawake wanalala wawili kitanda kimoja. Wewe umekaa hapa unacheza na tofali za watu?"

"Msingi bado unanyweshwa maji ukomae," alijibu bila kupandisha sauti. "Hata ungenipitishia ule ukuta wa kwanza, nisingethubutu kuweka tofali juu ya zege lile. Nilianza ukuta wa mfano mapema kwa hiari yangu, na tofali zake nimetoa mfukoni mwangu. Sijaiibia hospitali hata siku moja. Siku nilizoiba ni zako, na unaweza kunidai."

"Nitahakikisha mwenyewe."

"Hakikisha."

Msanifu akaondoka kwa hatua za mtu anayetaka kumkuta mwenzake na kosa. Akafika kwenye msingi, akapiga goti, akainua gunia lililolowa na kugusa zege. Lilikuwa baridi na bichi bado, limefunikwa vizuri, limetunzwa kama mgonjwa. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angelijengea. Hasira yake ikakosa pa kusimama. Alibaki kapiga goti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa uso wake ulikuwa unatabasamu na hakutaka mafundi waone.

Alipoinuka, mhandisi alikuwa nyuma yake.

"Ungesema tu," msanifu alimwambia, bado amempa mgongo. "Una mdomo."

"Ningesema wapi? Kwenye kikao? Tumalize taarifa ya maendeleo, tufike mengineyo, nisimame niseme injinia hali wala halali?"

"Simu ipo."

"Nilipiga. Ukapokea ukasema 'idara ya majengo, nikusaidie nini?' Sauti ile ilinikatisha. Nikauliza kuhusu mabomba."

Akakumbuka simu ile ya mabomba. Alikuwa ameieleza kwa kirefu, habari za vipimo na miteremko, na yule mtu alisikiliza yote kama anayesimuliwa hadithi. Sasa alimgeukia. Walikuwa wamesimama karibu kuliko kanuni yoyote ya saiti inavyoruhusu.

"Na wewe?" mhandisi aliuliza, safari hii kwa upole. "Kizibao hicho cha saiti unakipiga pasi."

Msanifu akajitazama. Kizibao chake cha rangi ya chungwa, chenye mistari inayong'aa, kilikuwa na mkunjo mkali mabegani kama suruali ya bwana harusi.

"Ni utaratibu wa ofisi."

"Wenzako vyao vimekunjamana kama karatasi ya vitumbua."

"Wenzangu hawajiheshimu."

"Sawa," alisema, na ile mikunjo ya pembeni mwa macho ikarudi. Kisha ikatoweka, akawa mtu mwingine, mtu aliyelibeba neno muda mrefu na mikono imemchoka. "Nataka kuja kwenu. Na wazee wangu. Nije kwa njia inayotakiwa. Lakini sitakuja kama hutaki, na kama hutaki niambie sasa hivi, nizibe hilo tundu, upitishe ukuta, na hutanisikia tena ila kwenye mengineyo."

Kelele za mashine ya zege zilizimika wakati huo huo, ama ndivyo ilivyomwonekea. Saiti nzima ilinyamaza. Mapigo ya moyo wake aliyasikia ndani ya kofia ngumu kama mtu anayebisha hodi kwenye bati. Akafungua mdomo.

"Endeleeni tu," sauti ya mwanamke ikasema. "Mimi nilikuja kuangalia vyumba."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye kijia cha mbao, sare nyeupe, viatu vya kazi, na kofia ngumu aliyoazimwa getini imemkalia kichwani kama sufuria. Msanifu ndiye aliyemwalika. Aliahidi kumwonyesha vitanda vitakapokaa, kisha akasahau kwamba ni leo.

"Shikamoo, mama," mhandisi alisema haraka.

"Marahaba. Sogea hatua moja kutoka kwa mwanangu."

Akasogea mbili.

"Huyu ndiye mkandarasi?"

"Ni injinia wake, mama. Mkandarasi ni kampuni."

"Anajenga yeye au anajenga mwingine?"

"Anajenga yeye."

"Na kazi yake anaikagua nani?"

"Mimi."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea jibu la kipimo alilolitarajia. Hakuwa mwanamke wa kelele. Waliomjua walisema akipunguza sauti ndipo ujifunge mkanda.

"Njooni hapa wote wawili," alisema. "Mnaliona lile paa la wodi yangu? Lile lenye kutu. Lilipokamilika nilikuwa mkunga mchanga. Lilipitishwa na mtu aliyekuwa anampenda mtu. Mjenzi alikuwa shemeji wa mkaguzi. Sikuwaona na ubaya, walikuwa watu wazuri, wacheshi kama huyu wako. Walikaa pale wakacheka, wakapeana mikono. Mvua ya kwanza ikanishukia mimi. Mikono miwili imeshika mtoto anayetoka, ndoo naisukuma kwa mguu. Mpaka leo naisukuma kwa mguu."

"Wewe umekua ukiniona narudi nyumbani na soksi mbichi," akaendelea, akimtazama binti yake. "Uliniambia ukiwa mdogo utanijengea wodi kavu. Sasa kuta zikipanda, watu watasema nini? Watasema Milimita anakagua amefumba macho. Hata ukuta uwe mzuri vipi, watasema. Na siku tofali moja likipasuka, hawatalitazama tofali. Watakutazama wewe."

"Mama, kazi yake ni nzuri."

"Yule mkaguzi naye alisema hivyo."

"Mama," mhandisi akaingilia, "nitaomba nihamishwe. Kampuni ina kazi nyingine. Nitakwenda hata leo, wodi ajenge mwingine."

"Nyamaza," walimwambia wote wawili kwa pamoja, mama na binti, kwa sauti moja. Akanyamaza.

"Chagua," mama alisema. "Hapa, leo, kabla sijarudi kwa wagonjwa wangu. Ama huyu, ama jengo. Vyote viwili huwezi kuvishika kwa mkono mmoja."

Msanifu akauangalia ukuta. Aliutazama kama alivyofundishwa kutazama, bila kuangalia nani kaujenga. Kozi zote zile, sawa kama mistari ya daftari jipya. Na makosa yale manne, kila moja lilikuwa safi. Saruji nene ilikuwa nene kwa kipimo kimoja toka mwanzo wa kozi hadi mwisho. Tofali lililogeuzwa lilikaa sawasawa kwenye mstari wake. Mtu anayeweza kukosea kiasi anachotaka, mahali anapotaka, asizidishe hata unywele, huyo ndiye anayeweza kupatia. Hakutaka mkono mwingine uguse wodi ya mama yake. Akiondoka huyu, ataletewa nani? Mwenye haraka zake.

Basi wa kuondoka si yeye.

Wazo lilimjia wazi kama mchoro, na lilimuuma papo hapo mahali pake. Akavua kofia ngumu. Akatoa simu. Akampigia mkuu wa idara, na akaiweka sauti nje, ili mama asisimuliwe na mtu.

"Mzee, shikamoo. Naomba uniondoe kwenye ukaguzi wa wodi ya wazazi. Michoro ibaki yangu. Ukaguzi apewe mwingine."

"Umegombana na mkandarasi?" Sauti ya mkuu ilikuwa na chai mdomoni.

"Hapana, mzee. Injinia wake anataka kuja nyumbani kuniposa."

Chai ikamezwa kwa shida. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Bado sijamjibu."

"Na utamjibu nini?"

"Hilo nitamwambia yeye kwanza, mzee."

Nyuma yake kitu kizito kilianguka. Ilikuwa kofia ya mhandisi.

"Binti," mkuu alisema, "ukitoka kwenye ukaguzi, umetoka. Hutakanyaga saiti mpaka siku ya makabidhiano. Jengo lako la kwanza litapanda, na wewe utaliona kwa kupitia uzio kama mpita njia. Umelifikiria hilo?"

Ndipo lilipomuuma. Alikuwa ameota asubuhi ambayo fremu ya dirisha la kwanza itawekwa, na yeye asimame ndani ajaribu jua. Ataikosa. Ataikosa siku ya lenta, ataikosa siku ya paa.

"Nimelifikiria."

"Na unajua niliyebaki naye wa kumtuma."

"Namjua, mzee."

"Haya. Kesho atakuwa hapo." Simu ikakatika.

Mhandisi aliokota kofia yake. "Nani atakuwa hapa kesho?"

"Bomoa," msanifu alisema.

Nyapara aliyekuwa ameinuka akakaa tena. Nondo zikaacha kukunjwa. Kwenye saiti zote za serikali hapakuwa na asiyemjua Bomoa, yule bibi wa idara aliyebakiza muda mfupi astaafu, asiyecheka na mkandarasi, aliyewahi kuvunjisha ngazi nzima kwa sababu kidato kimoja kilikuwa kifupi kuliko vingine. Ofisi yake mwenyewe alikataa kuhamia kwa kuwa mlango wake umeinama. Mpaka leo meza yake iko koridoni.

"Milimita, umetuua," nyapara alisema. "Sisi tulikuwa tunalalamika wewe ni mkali. Mungu ametusikia vibaya."

"Umeniletea Bomoa," mhandisi alisema, kama mtu anayerudia jina la ugonjwa ili alizoee. "Mimi nakwambia nataka kukuoa, wewe unaniletea Bomoa."

"Kwani unaogopa? Kazi yako si nzuri?"

Akamtazama. Kisha, taratibu, akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtikisa mabega, na uso wake ukawaka hata msanifu akalazimika kutazama pembeni.

Mama yake hakucheka. Alikuwa anaupima ule uamuzi jinsi anavyopima mapigo.

"Huyo Bomoa," aliuliza, "ana ndugu kwenye kampuni hii?"

"Mama, Bomoa hana hata rafiki."

"Mm." Akaiweka sawa kofia yake. "Paa likija kuvuja, mkwe huyo namrudisha kwao, na ndoo zangu zote namkabidhi."

Mhandisi akainamisha kichwa. "Nitazibeba mwenyewe, mama."

"Sijakuita mkwe. Nimesema paa likivuja." Lakini sauti ilikuwa imelegea mahali fulani, na binti yake, aliyeijua sauti ile tangu tumboni, alipajua mahali hapo.

Palibaki jambo moja la kikazi. Msanifu akaurudia ukuta. Bado ulikuwa wake mpaka kesho.

"Nimeukataa," alitangaza.

"Ni tundu moja," mhandisi alisema. "Naliziba sasa hivi kwa mwiko."

"Ubomoe. Bomoa akija akute ukuta usiojengwa kwa ajili yangu."

"Na mimi? Umekataa ukuta, umejikataa kwenye kazi, simu nzima umemjibu mkuu wako. Mimi sijajibiwa."

Mafundi wakajifanya wanafanya kazi. Hakuna nyundo iliyolia.

Msanifu aliuzunguka ukuta mpaka upande alikokuwa mhandisi mwanzo, akasimama nyuma yake, pasipoonekana na mtu. Mhandisi akaelewa. Akasogea mbele ya ukuta, akakunja magoti, akaweka jicho kwenye tundu. Akakuta jicho jingine limeshafika.

"Mwambie baba yako avae vizuri," jicho lile lilimwambia kwa sauti ndogo. "Njooni mwisho wa wiki hii. Na usilete mtu wa kuongea sana, mama hapendi."

Mhandisi alipeleka kidole chake ndani ya lile tundu, na upande wa pili kidole kingine kikaja, chenye vumbi la saruji, kikagusana nacho. Vilikaa hivyo. Tofali zilikuwa za moto kwa jua, na vidole vilikuwa vya moto zaidi.

"Nanyi mtatoka humo lini?" mama aliuliza. "Nina watu wanasubiri kuzaliwa."

Msanifu akajitokeza, macho yanang'aa, kizibao kimepata vumbi kifuani na mkunjo wa pasi umeharibika kabisa. Mama yake alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Kuna jambo hujalimaliza," mama alisema. "Habari ya posa yako nimeisikia kwenye simu, nimesimama kwenye matope, mbele ya watu wa nondo. Mimi mama yako. Na mkuu wako umemfanya apaliwe na chai. Utaniomba radhi, kisha utampigia yeye."

"Na sisi," nyapara akadakia kutoka kwenye mfuko wake. "Ukimaliza kwa wakubwa, utuombe na sisi. Wewe unakwenda kuolewa, sisi tunabaki na Bomoa."

"Na mimi," mhandisi alisema, akijaribu kuwa makini na kushindwa. "Mara nne umenibomolea."

Wote wakamtazama wakisubiri. Msanifu akavaa kofia yake ngumu, akafunga ukanda chini ya kidevu, bila haraka.

"Sijapitisha ukuta mbovu," alisema. "Sijamficha mama yangu jambo. Na niliyemtaka nimemwambia ndiyo. Hapo niombe radhi ya nini?"

"Ya ulimi wako," mama alisema.

"Ulimi huu nimeurithi kwako, mama. Siombi."